Barua Ipitayo Mlango Uliofungwa

Somo: Wafilipi 2:25-30, Waebrania 13:3



Leo twataka kufikiri pamoja juu ya kitu kidogo ambacho wengi wetu tumeanza kukisahau, nacho ni barua. Hatusemi juu ya barua ya ofisi wala ya madai. Twasema juu ya barua ya kumtia moyo mtu aliye kifungoni, wakati maradhi yameenea na mlango wa gereza umefungwa hata kwa wageni. Tutaanzia Garissa, tutapita katika habari za kanisa la kwanza, kisha tutarudi katika nchi ile ile ya Kaskazini Mashariki, kwa maana ina mengi ya kutufundisha katika jambo hili.

Wakati wa Korona

Tarehe 13 Machi 2020 serikali ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona. Siku mbili baadaye Jaji Mkuu wa wakati ule, David Maraga, alitangaza ya kwamba kazi za mahakama zitapunguzwa, na mahabusu hawataletwa kortini kwa muda. Ziara za magerezani zikasimamishwa nchini kote. Ilikuwa lazima, maana magereza ya Kenya yalikuwa na watu wapatao 50,000, kupita kiasi cha nafasi zilizojengwa, na mahali ambapo watu hulala wakigusana, ugonjwa wa kuambukiza hauhitaji siku nyingi kuenea. Mwezi wa Aprili ilitangazwa ya kwamba wafungwa wapatao 4,800 wameachiliwa, hasa wenye makosa madogo, ili kupunguza msongamano.

Lakini wale waliobaki walibaki bila kuona uso wa mtu wao. Mama aliyezoea kupanda gari kutoka Ijara au Bura mpaka gereza la Garissa hakuwa na sababu tena ya kupanda gari. Ndugu wa aliyefungwa Wajir alikaa nyumbani. Na huko Mandera hata njia yenyewe ilifungwa, kwa maana tarehe 22 Aprili serikali ilikataza watu kuingia na kutoka katika kaunti ile, nao wakakaa hivyo hadi tarehe 7 Julai. Tarehe 29 Aprili kambi za wakimbizi za Dadaab zikafungwa vile vile.

Sisi nasi tulifungiwa. Ibada za pamoja zilisimamishwa mwezi wa Machi. Zilipofunguliwa Julai zilikuwa na masharti: saa moja tu, watu wasiozidi 100, na walio chini ya miaka 13 au zaidi ya miaka 58 wabaki nyumbani. Wazee wetu wengi, nguzo za sala katika makanisa yetu, walisikiliza mahubiri kwa redio kama wasafiri walio mbali. Kwa mara ya kwanza wengi wetu tulionja kidogo jinsi ilivyo kuambiwa usitoke, usipokee mgeni, usimshike mkono ndugu yako.

Hata hivyo, wapendwa, tusijilinganishe upesi na wafungwa. Sisi tulifungiwa pamoja na watu wa nyumbani mwetu, nao walifungiwa mbali na watu wao. Sisi tulikuwa na simu mkononi, nao husubiri zamu ya simu. Palipokuwa hapana njia ya miguu, ilibaki njia ya maneno, na katika njia hiyo barua ni ya kale kuliko zote. Barua haiambukizwi, haikohoi, haihitaji kibali cha kusafiri usiku. Yaweza kungoja katika ofisi ya gereza siku kadhaa, kisha ikafika mkononi mwa mtu ikiwa na maneno yake yote.

Katika mwaka ule wengine waliogopa hata karatasi. Hofu hiyo si mpya. Katika karne ya 19 huko Ulaya, barua zilizotoka mahali penye tauni au kipindupindu zilitobolewa matundu na kufukizwa moshi kabla ya kugawiwa. Lakini zilifukizwa zikapelekwa, hazikutupwa. Watu wa zamani walijua ya kwamba mtu akikosa habari za kwao, naye huugua kwa namna yake. Katika wakati wa korona Shirika la Afya Duniani lilieleza ya kwamba hatari ya kuambukizwa kwa vifurushi ni ndogo. Kwa hiyo kilichowazuia wengi wetu kuandika hakikuwa kirusi. Hatukukumbuka, au hatukujua tumwandikie nani.

Epafrodito na Cipriani

Kanisa halikuanza kazi hii juzi. Tukisoma Wafilipi sura ya pili twamkuta mtu aitwaye Epafrodito. Paulo alikuwa kifungoni, na kanisa la Filipi lilimtuma Epafrodito ampelekee msaada. Huko aliugua hata akakaribia kufa. Habari za ugonjwa wake zikawafikia watu wa Filipi, naye akahuzunika kwa sababu wamesikia ya kuwa yu mgonjwa. Ndipo Paulo akamrudisha kwao. Kwa hiyo waraka huu mzuri, ambao tunausoma kwa furaha, ulizaliwa pale palipokutana mambo mawili, kifungo na ugonjwa. Angalieni pia ya kwamba mfariji mkuu katika habari hii ni yule mfungwa mwenyewe. Walioko nje walimtumia msaada, naye kutoka kifungoni akawatumia neno la kuwatia nguvu.

Miaka kama 200 baadaye, huko Karthago katika Afrika ya Kaskazini, alikuwako askofu jina lake Cipriani. Katika mwaka 250 Kaisari Decius aliwalazimisha watu wote wa dola yake kutoa sadaka kwa miungu, na Wakristo wengi waliokataa wakatiwa gerezani. Wakati huo huo ugonjwa mkubwa wa kuambukiza ulikuwa ukienea katika dola ya Rumi, na ulipoingia Karthago uliua watu wengi sana. Cipriani mwenyewe alijificha, na kutoka mafichoni aliandika barua nyingi kwa wale waliofungwa na kwa wazee wa kanisa lake. Katika mojawapo aliwashauri wasiende gerezani kwa makundi, bali watumishi waende kwa zamu, wachache wachache, ili walinzi wasije wakaudhika na kuufunga mlango kabisa. Shauri hili lafanana sana na yale tuliyoambiwa sisi mwaka 2020, ingawa sababu yake ilikuwa nyingine.

Katika mwaka 257 Cipriani naye akahamishwa kwa nguvu na kuwekwa mbali na mji wake. Wakati ule maaskofu na Wakristo wengine walikuwa wamepelekwa kufanya kazi ngumu katika machimbo ya madini. Aliwaandikia, akawapelekea na msaada kwa mkono wa wajumbe. Nao walimjibu! Majibu yao yamehifadhiwa hata leo pamoja na barua zake. Walimshukuru kwa maneno yake na kwa msaada wake, na katika kumshukuru wakamtia nguvu yeye ambaye mwaka uliofuata, tarehe 14 Septemba 258, aliuawa kwa upanga.

Hivyo katika habari hizi mbili twaona mambo matatu. Kwanza, barua ya faraja huhitaji mchukuzi, na mchukuzi aweza kuumia kwa ajili yake. Pili, barua huenda pamoja na msaada, si maneno matupu. Tatu, barua huleta jibu, na jibu la aliye ndani huwa lina nguvu kuliko swali la aliye nje. Kuandikiana na wafungwa, wapendwa, si kama kumwaga maji katika mchanga. Tunapowaandikia, sisi nasi twapokea.

Nchi Iliyofungwa

Sasa na turudi Kaskazini Mashariki. Watu wa huko walijua habari za mlango uliofungwa kabla ya korona kuja. Wakati wa ukoloni nchi ile ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Kwa sheria ya mwaka 1902 juu ya wilaya za pembeni, na baadaye ile ya mwaka 1934 juu ya wilaya maalum, mtu wa nje hakuingia bila kibali, na mwenyeji naye hakutoka apendavyo. Hata wamisionari walizuiliwa kwa muda mrefu, na hiyo ni sababu moja iliyofanya makanisa ya huko kuwa machache na machanga kuliko ya sehemu nyingine za Kenya.

Uhuru ulipopatikana mwezi wa Desemba 1963, hazikupita hata wiki 3 kabla ya hali ya hatari kutangazwa katika eneo lile, kwa sababu ya vita tulivyoviita vya shifta. Vita vyenyewe vilitulia baada ya mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967. Lakini sheria za hali ya hatari hazikuondolewa mpaka Novemba 1991. Hesabuni wenyewe, ni karibu miaka 28. Mtoto aliyezaliwa Garissa siku zile alikua, akaoa, akazaa watoto wake, wote wakiishi chini ya sheria ambazo watu wa Nyeri au Kakamega hawakuzijua.

Katika miaka hiyo watu kadhaa wa mkoa ule walikamatwa na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa mahakamani. Walipelekwa mbali, wengine mpaka Kamiti, karibu na Nairobi. Kutoka Garissa hadi Nairobi ni kilomita 370 hivi. Kutoka Mandera ni karibu kilomita 1,000, na barabara ya wakati ule tunaijua. Nani angeweza kwenda kumtazama ndugu yake huko? Na akienda, angeruhusiwa kumwona?

Mtoto wa Posta

Twajua kidogo juu ya maisha ya watu wale kwa sababu ya mtu mwingine aliyefungiwa pamoja nao. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 1977, akapelekwa Kamiti kuzuiliwa bila mashtaka. Alipofika, Kamiti ilikuwa imeingiliwa na kipindupindu, na karantini ilikuwa imewekwa. Kipindupindu kile kilikuwa sehemu ya wimbi kubwa la saba la ugonjwa huo duniani, lililoanza Indonesia mwaka 1961 na kufika Kenya mwaka 1971. Basi hapo tena, kama siku za Epafrodito, kifungo na ugonjwa vilikutana chini ya paa moja.

Mwezi wa Mei 1978 mkewe alijifungua mtoto wa kike. Baba hakuruhusiwa kwenda kumwona. Alimwona kwa mara ya kwanza katika picha iliyotiwa ndani ya bahasha, na wenzake kizuizini wakampa mtoto yule jina la utani, mtoto wa posta. Fikirini furaha ya siku ile. Picha moja ndogo, imepita mikononi mwa wakaguzi, imeingia katika nyumba ya mawe, na wanaume waliokuwa hawana habari za watoto wao wakakusanyika kumtazama mtoto wa mwenzao.

Katika wenzake hao walikuwamo Wasomali wengi wa Kaskazini Mashariki. Wengine walikuwa wamekaa kizuizini miaka mingi kabla yeye hajaingia. Ngũgĩ alipotoa kitabu chake juu ya kizuizi kile mwaka 1981, aliandika majina yao.

Hapa pana jambo tunalopaswa kulitazama kwa makini. Ngũgĩ alipozuiliwa, dunia ilipiga kelele. Shirika la Amnesty International, lililoanzishwa mwaka 1961, lilimhesabu kuwa mfungwa wa dhamiri, na waandishi wa nchi nyingi wakadai afunguliwe. Vema walivyofanya. Lakini mchungaji wa ngamia aliyetoka Wajir, au mzee aliyetoka Mandera, alikuwa na nani wa kumdai huko London? Jina lake halikuwa katika vitabu. Watu wa nchi yake mwenyewe, tuliokuwa tukiimba makanisani Nairobi na Kisumu na Mombasa kila Jumapili, hatukulijua. Rais Moi alipowaachilia wote tarehe 12 Desemba 1978, magazeti yalitafuta nyuso zilizojulikana. Wale wengine walirudi kwao kimya.

Twajifunza nini? Twajifunza ya kwamba barua hufuata jina, na huruma yetu mara nyingi hufuata umaarufu. Mfungwa anayejulikana hupata barua gunia zima, na asiyejulikana hapati hata moja. Lakini Bwana, alipozungumza juu ya kumtembelea aliye kifungoni katika Mathayo 25, alimtaja aliye mdogo. Naye aliye mdogo hana jina gazetini. Kazi ya kanisa ni kulitafuta jina hilo, kwa sababu gerezani mtu huwa hesabu. Asubuhi huhesabiwa, jioni huhesabiwa. Siku ile ambapo askari anasimama mlangoni na kuita jina lake kwa sababu pana barua, siku hiyo mtu huyo amerudishiwa jina lake.

Lugha, Sanduku na Mchukuzi

Huenda mtu akauliza, kwa nini jamaa zao hawakuandika kila wiki? Ndugu msikilizaji, barua yataka mambo mengi kuliko kalamu. Lugha ya Kisomali haikuwa na maandishi rasmi hata Oktoba 1972, wakati serikali ya Somalia ilipochagua herufi za Kilatini. Kabla ya hapo aliyetaka kuandika alitumia Kiarabu, au Kiswahili, au Kiingereza, kama alisoma. Kama hakusoma, alimtafuta mwandishi. Tena barua ya gerezani husomwa kwanza na ofisa. Isipoeleweka, hukaa mezani. Basi mama aliyetaka kumwambia mwanawe habari za mvua na mifugo ilimpasa ayatoe maneno hayo katika Kisomali chake, mtu mwingine ayatie katika Kiswahili, na mwanawe ayarudishe tena katika Kisomali moyoni mwake.

Kisha kuna anwani. Posta yetu hupeleka barua kwenye sanduku, si kwenye nyumba. Familia ya wafugaji ina sanduku gani? Hutegemea sanduku la shule, la duka, au la mtumishi wa serikali, na jibu likifika huenda familia imekwisha kuhamia kwenye malisho mengine. Hivyo kila barua ya Kaskazini Mashariki iliyofika ilikuwa na jamii nzima nyuma yake. Tusidharau kazi ya mwandishi. Katika Warumi 16:22 Tertio, aliyeuandika waraka ule kwa mkono wake, naye anatia salamu zake. Kama tuna kijana ajuaye kuandika vizuri, hiyo ni karama ya kutosha kwa huduma hii.

Katika eneo la Dadaab kazi hii imefanywa kwa utaratibu mwema. Kambi zile zilianza mwaka 1991, wakati serikali ya Somalia ilipoanguka na watu wakakimbia. Msalaba Mwekundu walileta karatasi ambazo mtu huandika habari za nyumbani tu, kama nani amezaliwa, nani amefariki, nani yu hai. Karatasi huachwa wazi ili kila mkaguzi aione, na kwa njia hiyo huweza kuvuka mpaka na kuingia hata katika magereza. Utaratibu huo ulikua hasa katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, wakati mamilioni ya barua za wafungwa wa vita zilipopitishwa. Ni jambo la ajabu ya kwamba barua iliyo wazi, isiyo na siri hata moja, yaweza kumliza mtu. Neno moja tu, "mama mzima", latosha.

Neno Gumu

Wapendwa, hatuwezi kusema juu ya Garissa na wafungwa tukapita kimya mahali penye maumivu. Tarehe 1 Julai 2012, siku ya Jumapili, makanisa mawili ya mji ule yalishambuliwa, na waumini zaidi ya 15 wakafa. Tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi kabla ya Pasaka, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Mwaka 2019 mahakama ya Nairobi iliwahukumu watu 3 kwa kushiriki katika njama ya shambulio lile.

Basi, mzazi aliyemzika binti yake mwaka ule akisikia tukisema tuwakumbuke wafungwa, aweza kuuliza: Wafungwa gani? Ana haki ya kuuliza. Hatumjibu kwa haraka, wala hatumlazimishi kuandika. Msamaha si kazi ya kupangiwa na jirani. Kama kanisa lina stempu moja tu, na impelekee yeye kwanza. Aliyefiwa naye amefungiwa ndani ya nyumba ya huzuni, na miaka ikipita wageni wake hupungua.

Lakini yafaa tuseme pia yaliyo kweli. Wengi walio katika magereza yetu hawakuua mtu. Wamo walioiba kuku, walioshindwa kulipa faini, waliovuka mpaka bila karatasi. Wamo mahabusu ambao bado hawajahukumiwa, na kwa sheria yetu mtu huyo hajawa mkosaji. Tukiwafunga wote katika neno moja la hasira, tutakuwa tumewanyima haki watu ambao Mungu anawajua mmoja mmoja. Tukumbuke tena ya kwamba mwaka 2012, baada ya makanisa yale kushambuliwa, viongozi wa Kiislamu wa Garissa walikubali vijana wao wasaidie kuyalinda makanisa. Walisimama mlangoni kwa ajili ya watu wasio wa dini yao. Je, sisi tutashindwa kumwandikia Mwislamu aliye kifungoni, si kwa kumtega, bali kumwambia tu ya kwamba hajasahauliwa?

Namna ya Kuandika

Korona imepita, lakini siku nyingine mlango utafungwa tena, iwe kwa kipindupindu, au kwa mafuriko ya Tana yanayokata barabara, au kwa jambo tusilolijua. Mtu hafundishwi kuogelea wakati mto umekwisha kufurika. Afadhali tuanze wakati njia iko wazi.

Kwanza, tupitie kwa kasisi wa gereza au ofisi ya gereza, tuulize ni nani asiyepata barua wala mgeni. Huyo ndiye wa kwanza. Tusichague mwenye habari ya kusisimua.

Pili, tuandike kwa Kiswahili chepesi, kwa mwandiko unaosomeka. Tusimwulize kosa lake. Tusiandike juu ya kesi yake, kwa kuwa barua itasomwa na wengine kabla yake. Tumwambie mvua imenyesha au haikunyesha, bei ya unga, wimbo tuliojifunza kwaya. Aliye ndani ana njaa ya mambo ya kawaida. Mahubiri marefu tuyaache. Kifungu kimoja cha Maandiko kwa anayekitaka chatosha.

Tatu, tutie tarehe na namba juu ya kila barua, ili ikichelewa au ikapotea ajue. Kama utaratibu wa gereza waruhusu, tutie bahasha yenye stempu na anwani ya kanisa, maana asiye na senti hawezi kujibu. Anwani ya nyumbani si lazima.

Nne, tusiahidi tusiloweza. Tusiseme tutamtafutia wakili kama hatuna wakili. Mtu aliyekwisha kuvunjwa moyo mara nyingi huipima kila ahadi. Afadhali barua moja kila mwezi kwa miaka mitatu kuliko barua kumi mwezi wa kwanza, kisha kimya. Ukimya huo humwumiza kuliko kama tusingalianza.

Tano, jibu likija tulisome pamoja na tulipokee kama zawadi. Mwaka 2020 tulikuwa tukitafuta mtu wa kutufundisha jinsi ya kukaa mahali pamoja bila kukata tamaa. Walimu walikuwako, nyuma ya ukuta, wenye ujuzi wa miaka mingi. Nani aliwauliza? Paulo aliwafundisha Wafilipi furaha akiwa amefungwa. Inawezekana kabisa ya kwamba neno ambalo shirika letu linalihitaji limo katika kichwa cha mtu mmoja aliyeko Garissa, ambaye hajaandikiwa hata mara moja tangu alipoingia.

Basi wiki hii, katika kikundi cha akina mama, au cha vijana, au baada ya ibada, tulitafute jina moja. Na tuombe:

Ee Bwana, wewe uwajuaye walio ndani na walio nje, utukumbushe wale ambao hakuna anayewakumbuka. Uwafariji waliofiwa. Uwalinde wafungwa na askari wanaowalinda, wakati wa afya na wakati wa maradhi. Utupe mkono mwepesi wa kuandika, na moyo wa kungoja jibu. Amina.